Usimwambie Tamari Anyamaze

Mazungumzo ya redio ya asubuhi
Somo: 2 Samweli 13:1–22



Nawasalimu ninyi mlio nyumbani mkiteleka chai, nanyi madereva mliolala ndani ya malori mkingoja kuvuka mpaka. Nawasalimu zaidi ninyi wazazi wenye watoto vyuoni, kwa maana neno la leo ni lenu.

Sisi wa Burumba twaishi na wanafunzi. Wamepanga vyumba katika ploti zetu. Twanunua nao sukuma na omena kwa mama mmoja, na Jumapili wengine wao huimba katika kwaya zetu. Wazazi wao wako mbali, nao wametuachia watoto wao. Kwa hiyo yatupasa tuseme wazi jambo ambalo kanisani husemwa kwa kunong'ona: binti akibakwa, sisi tulio karibu naye tufanye nini?

Tulisikilize Neno. Tamari, binti wa mfalme Daudi, alitumwa kumpikia mikate ndugu yake Amnoni, ambaye alijifanya mgonjwa. Alikwenda kwa utii na kwa huruma. Amnoni alipomkamata, alimsihi na kumwonya, wala hakusikilizwa. Kisha yule mtu alimchukia, akamtoa nje na kumfungia mlango. Ndipo Tamari akajitia majivu kichwani, akairarua kanzu yake nzuri, akaenda zake akilia kwa sauti.

Angalieni, Tamari hakuficha. Alitoa habari njiani, kila mtu aone na kusikia. Alitimiza yaliyompasa. Swali ni hili: waliomsikia walifanya nini?

Mara nyingi twahubiri juu ya dhambi ya Amnoni. Leo tuwatazame hao waliosikia, kwa sababu sisi tu miongoni mwao. Absalomu alimpenda dada yake, akampa mahali pa kukaa, lakini alimtaka akae kimya kwa kuwa mkosaji ni mtu wa nyumbani. Baba yake, Daudi, alikasirika sana. Kisha nini? Hakuna zaidi. Mfalme mwenye askari na kiti cha hukumu alikasirika, basi. Tamari akabaki katika nyumba ya kaka yake, hali ya ukiwa. Na baada ya miaka miwili kile kimya kilizaa damu: Absalomu alimwua Amnoni, na nyumba ya Daudi ikavunjika.

Ndugu zangu, nami nimekuwa Absalomu.

Miaka mingi iliyopita niliitwa katika kikao cha jamaa mbili. Binti alikuwa mwanafunzi wa chuo, na kijana aliyemtenda uovu alisoma naye darasa moja. Wazee walizungumza tangu adhuhuri hadi jioni. Upande wa kijana ulileta fedha za kumfuta binti machozi, ukaahidi na ng'ombe. Wakati huo wote binti alikuwa jikoni pamoja na wanawake, akituchemshia chai. Hakuna aliyemwita aseme. Nilipoombwa kufunga kwa sala, nilisimama nikamshukuru Mungu kwa ajili ya amani.

Amani gani? Binti alirudi chuoni akamkuta yule kijana ameketi darasani kama kawaida. Kabla ya muhula kwisha aliacha masomo. Kwaya pia aliiacha. Miaka ilipopita nilimwendea kumwomba msamaha. Aliniambia neno moja tu: "Pasta, siku ile nilingoja uniulize." Neno hilo sijalisahau, na ndilo lililonileta mbele ya maikrofoni asubuhi hii.

Basi sikilizeni, nanyi wazee wa kanisa chukueni kalamu.

Jambo la kwanza, mwamini. Usimwulize alivaa nini, wala alikuwa akitafuta nini saa ile. Torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati 22:25–27, yafananisha tendo hili na kumwua mtu, wala haimhesabii dhambi msichana aliyekamatwa kwa nguvu.

Jambo la pili, hospitali. Asingoje kupita polisi kwanza ndipo atibiwe. Asioge, wala asifue nguo alizovaa. Nguo hizo zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa nailoni, kwa sababu nailoni hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kadiri inavyoanzwa mapema ndivyo inavyofaa zaidi. Ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Sheria yataka atibiwe bila malipo katika hospitali ya serikali. Daktari atajaza fomu ya huduma baada ya kubakwa, hakikisheni imejazwa. Ikiwa jambo limetokea ng'ambo ya mpaka, atafute tiba upande ule alipo. Masaa hayangoji foleni ya forodha.

Jambo la tatu, polisi. Aende na mtu anayemwamini, aulizie dawati la jinsia, na taarifa yake iandikwe katika kitabu cha matukio. Apewe namba ya taarifa hiyo, naye aitunze. Atapewa fomu ya P3 ijazwe na daktari. Fomu hiyo hailipiwi. Mtu mzima asilazimishwe. Asaidiwe kuamua mwenyewe. Lakini akiwa na umri chini ya miaka 18, sisi watu wazima hatuna ruhusa ya kukaa kimya. Na ikiwa siku zimepita, hata miezi, mlango wa sheria haujafungwa. Wala asikate tamaa kwa kukosa shahidi mwingine, maana mahakama yaweza kumhukumu mkosaji kwa ushahidi wa aliyetendewa peke yake, hakimu akiridhika kwamba asema kweli.

Jambo la nne, chuo. Mlezi wa wanafunzi aarifiwe, na ofisi ya jinsia ikiwapo, ili binti asiketi darasa moja na aliyemdhuru wala kulala bweni lililo jirani naye. Na mwalimu anayedai mwili wa mwanafunzi ili ampe alama, huyo hana kosa la adabu tu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 yataka kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili.

Sheria hiyo hiyo yasema mwenye kubaka afungwe miaka isiyopungua 10. Na wakiwa kundi, isiyopungua 15. Tena haikuwapa wazee, wala jamaa, wala polisi wenyewe mamlaka ya kuikomesha kesi. Mamlaka hayo aliachiwa Mwanasheria Mkuu, na sasa yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kwa hiyo zile fedha za kikao, na ile sala yangu, havikuwa na nguvu ya kufunga jambo. Tulimfunga binti mdomo tu.

Mtu aweza kusema, "Pasta, polisi nao twawajua." Ni kweli. Katika kaunti yetu hii hii ya Busia, mwezi wa Juni 2013, msichana wa miaka 16 aliyekuwa akitoka matangani alishambuliwa na kundi la wanaume, wakamtupa katika shimo la choo. Baadhi yao walipokamatwa, adhabu waliyopewa kituoni ilikuwa kukata majani, kisha wakaachiliwa. Ili jina lake lisitajwe, watu walimwita Liz. Lakini mama yake hakunyamaza. Habari zilipoandikwa magazetini, watu zaidi ya milioni moja kutoka nchi nyingi walitia sahihi kudai haki, na mwezi wa Oktoba mwaka huo wanawake waliandamana Nairobi hadi makao makuu ya polisi. Mwezi wa Aprili 2015 watu watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15 kila mmoja. Ilichukua karibu miaka miwili, na ilichukua watu waliokataa kuchoka. Basi polisi wakizembea, tusirudi nyumbani kuketi kikao. Twende tena, nasi tuwe wengi.

Kanisa laweza kufanya nini? Mambo madogo. Akina mama wa ushirika wachague wawili wenye siri, wawe tayari kuamshwa usiku kumsindikiza binti. Hazina ya kanisa itenge nauli. Namba 1195, isiyolipiwa, iandikwe ukutani kanisani na katika kila ploti; ni ya kuomba msaada kwa waliodhulumiwa namna hii. Namba 116 ni ya watoto. Na wazee tuweke azimio: hatutaketi tena katika kikao cha kupatanisha ubakaji.

Sasa nataka kusema nawe, binti yangu, unayesikiliza peke yako chumbani. Nawe pia, kijana wa kiume, kwa maana nanyi hutendewa, na sheria yawalinda. Kosa si lako. Mungu hakukuacha siku ile kwa sababu ya nguo wala saa. Bwana Yesu alivuliwa nguo na watu wenye nguvu, akachekwa hadharani. Aijua aibu unayoisikia. Mtafute mtu mmoja unayemwamini, umwambie leo. Akikwambia unyamaze, mtafute mwingine.

Nasi tuliobaki, tusingoje hadi alie kwa sauti. Tumwulize.

Tuombe. Ee Baba, utusamehe sisi tuliowanyamazisha watoto wako. Uwaponye waliojeruhiwa mwili na roho. Uwaite wakosaji wakutane na toba, tena wakutane na haki. Uzitie nguvu nyumba zetu, ziwe nyumba ambamo Tamari husikilizwa. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.