Mji wenye njia ya kiboko

(Mazungumzo ya afisa afya na wanafunzi wa sekondari, Mpanda. Tumeyaandika kama yalivyosemwa.)

Kaeni, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni, sauti yangu sio ya redio.

Leo siongelei ukimwi wala mimba, msije mkasema yule mama tena na mambo yake. Leo ni kiboko. Mnacheka nini? Sio kile cha mwalimu wa nidhamu! Namsema mnyama mwenyewe, yule wa Mto Katuma.

Mjomba wangu aliuawa na kiboko. Alikuwa na bustani ya mchicha ukingoni kabisa mwa mto, hatua chache tu kutoka kwenye maji. Alfajiri moja akaenda kumwagilia. Kiboko alikuwa anarudi kutoka malishoni, akamkuta mjomba kasimama kati yake na mto. Basi. Msibani watu walisema kalogwa. Mimi nilikuwa na umri kama wenu, nikaamini.

Baadaye sana ndio nikaelewa. Ngozi ya kiboko haivumilii jua, kwa hiyo mchana kutwa anakaa majini. Usiku anatoka kula majani, tena anapita njia ile ile kila siku. Kumbe mjomba alilima juu ya njia ya mwenzake! Ukimziba kiboko asifike majini, anaogopa, na akiogopa hakimbii kama swala.

Sasa angalieni tunavyojenga. Mpanda ilikua kwa madini ya risasi, na mwaka 1950 reli kutoka Kaliua ikafika. Mwaka 2012 tukapata mkoa wetu wa Katavi, tukaachana na Rukwa. Ofisi zikaja, watu wakaja, viwanja vikapanda bei. Ukienda Sitalike, kama kilomita 35 kutoka hapa, utaona nyumba upande huu wa mto na Hifadhi ya Taifa ya Katavi upande wa pili. Viboko wako pale pale darajani. Hawajui mpaka uko wapi, hawana hati ya kiwanja.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa ziachwe bila shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu. Mita 60 ni nyingi? Kiwanja chenu cha mpira ni kirefu kuliko hapo. Ila mtu akiona udongo mweusi wenye maji karibu, anaona mpunga tu. Simlaumu, watoto wake wanakula.

Lakini mpunga nao una habari yake. Maji ya Katuma yanachepushwa mashambani huko juu kabla hayajafika hifadhini. Kiangazi mto unakatika, na viboko kwa mamia wanabanana kwenye dimbwi moja la tope. Na binti aliyetumwa maji naye anakwenda wapi? Dimbwi hilo hilo. Hapo kuna kiboko, mamba, kuhara, na mkitia miguu, kichocho. Ndio maana mtu wa afya kama mimi naongea habari za ramani. Bomba la maji likiwekwa katikati ya nyumba, mbali na mto, limewaokoa binti na kiboko kwa mpigo mmoja.

Tusidhani ni shida yetu peke yetu. Nairobi wana hifadhi ya taifa tangu mwaka 1946, ukingoni mwa jiji lenyewe. Pande tatu zina uzio. Upande wa kusini uliachwa wazi ili wanyama watoke kwenda Kitengela na kurudi. Miaka ikaenda, watu wakauziana viwanja kule, kila mtu na seng'enge yake, njia ikazidi kuwa nyembamba. Kufungua njia iliyokwisha jengwa ni kazi ya mahakama na machozi. Sisi huku bado tuna nafasi ya kuiacha kabla ya tofali la kwanza.

Kwa hiyo nawapa kazi. Jumamosi chukueni karatasi, mchore mtaa wenu: nyumba, visima, mkondo wa maji, miti iliyobaki, njia za wanyama. Waulizeni wazee, usiende mtoni mwenyewe kuhakiki, tena alfajiri, tafadhali! Halafu mpelekeeni mwenyekiti wa mtaa kabla vile viwanja vipya havijapimwa.

Haya, maswali. Naona mkono kule dirishani. Simama, dada, usiogope.