KENGELE IKILIA, TUULIZE KABLA YA KUFUTA

(Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vikundi)



Leo tuzungumze juu ya jambo linalotusumbua vikundini. Katibu anafungua kompyuta aandike hesabu za mikopo. Mara programu ya kuzuia virusi inaonyesha rangi nyekundu: kuna hatari. Wengine wetu hufuta faili papo hapo. Wengine huizima programu ili kazi iendelee. Wote wamekata kesi kabla ya kusikiliza mashahidi.

Programu hii ni kama mlinzi wa usiku. Ina orodha ya virusi vinavyojulikana, kama mlinzi anayewajua wezi kadhaa kwa sura. Wengine huwashuku kwa mwendo tu. Basi kuna siku atamkamata mwenye nyumba.

Yametokea kweli. Tarehe 21 Aprili 2010 programu ya McAfee ilipokea orodha mpya, ikashika faili halali ya Windows XP iitwayo svchost.exe ikidhani ni virusi. Kompyuta nyingi duniani zikawa zinajizima na kuwaka tena na tena. Lakini tusiseme kengele zote ni za uongo. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga faili katika kompyuta zaidi ya 200,000, na wenye faili wakadaiwa pesa.

Sasa tufanye nini? Tusifute, wala tusifungue. Faili ikae karantini ndani ya programu hiyo. Wafugaji mnaelewa: ng'ombe anayeshukiwa hutengwa achunguzwe, asiambukize wengine. Halafu tuulize:

1. Imetoka wapi? Kama ni kwa mtengenezaji mwenyewe, kuna nafuu. Kama ni flashi iliyozunguka saiba zote za mjini, tuogope. Na programu ya wizi inayokuambia "zima kwanza kizuia virusi" imeshajitaja yenyewe.

2. Ni ya aina gani? Ikijiita picha au barua lakini jina linaishia na .exe, hiyo ni programu iliyovaa nguo za mwingine. Windows huficha miisho hiyo, kwa hivyo tuiamuru iionyeshe.

3. Orodha yetu ni mpya? Tusasishe programu, tupime tena. Mara nyingi watengenezaji huwa wamesharekebisha kosa.

4. Wengine wanasemaje? Tovuti ya VirusTotal hupima faili kwa vizuia virusi vingi kwa pamoja. Vikishuku vingi, na kutaja jina moja, tuamini. Kikishuku kimoja au viwili tu, kwa jina la jumla kama "Generic", huenda ni kosa. Hata hivyo virusi vipya navyo hujulikana na wachache mwanzoni. Tungoje siku mbili tatu, tupime tena. Na jamani, tusipeleke huko orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho na simu! Faili zinazowekwa pale huweza kuonwa na watu wengine.

Majibu yote yakiwa mazuri, turudishe faili hiyo moja tu, na mlinzi abaki kazini. Tukibaki na shaka, iendelee kukaa karantini, tumtumie mtengenezaji wa kizuia virusi aichunguze. Kungoja siku tatu si hasara kama kupoteza hesabu za miaka mitatu.

Lakini kungoja kunawezekana tu kwa mwenye nakala. Kila mwisho wa mkutano, mweka hazina aweke nakala ya hesabu kwenye flashi isiyofanya kazi nyingine, na lile daftari la karatasi lisitupwe.

Maswali ya kujadili kikundini:
- Nakala ya hesabu zetu iko wapi, na ni ya tarehe gani?
- Kengele ikilia leo, nani ana ruhusa ya kurudisha faili?