Nyumba ya Vyumba Sita na Haki ya Kukaa Mjini

Hotuba ya mwenezi wa chama mbele ya wanachama wa Kariakoo na Magogoni



Nimeombwa niseme juu ya nyumba. Pengine yupo atakayeuliza, nyumba na siasa wapi na wapi? Jibu lake ni fupi. Mtu asiye na pa kulala mjini, huo mji si wake. Atabeba mizigo yake, atafagia njia zake, lakini jua likizama hana budi kwenda zake. Simameni alfajiri pale Magogoni pantoni inapofika kutoka Kigamboni, mwaangalie wanaoshuka. Ni wachuuzi, mama ntilie, makuli na mafundi cherehani wanaokuja Kariakoo. Wengine wanatoka Mbagala na Chanika, wamesimama katika daladala tangu kungali giza. Wapo miongoni mwao waliokuwa na chumba hapa hapa, hatua chache kutoka kazini.

Ndugu zangu, tukumbuke tulikotoka. Serikali ya kikoloni iliugawa mji huu kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mnazi Mmoja ukaachwa uwanja mtupu ili uwe mpaka. Sisi sehemu yetu ilikuwa Kariakoo, na jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita ya 1914 hadi 1918. Tulipewa viwanja, nyumba tulizijenga wenyewe.

Na tulizijenga kwa akili. Mwenye kiwanja alianza na chumba kimoja au viwili, vya miti na udongo, juu makuti. Akipata fedha akaongeza cha tatu. Mwisho nyumba ikatimia vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati. Mbele baraza, nyuma uani penye jiko, choo na kisima au bomba. Makuti yakaondoka, yakaja madebe, kisha mabati. Udongo ukaondoka, likaja tofali. Nyumba ilibadilika kipande kwa kipande na hakuna aliyehama.

Leo wataalamu wa nchi kubwa wanasifu nyumba za vipande vya kipimo kimoja, ambazo mtu huziongeza kadiri anavyoweza, na wanaziona ni uvumbuzi mpya. Sisi tumezikalia miaka mingi. Hata katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja upana wa chumba uliamriwa na urefu wa boriti ya mkoko. Boriti ndiyo iliyokuwa rula.

Tufanye hesabu ndogo ya shule. Vyumba ni sita. Mwenye nyumba na watoto wake wakikaa viwili, vinabaki vinne vya kupangisha. Kodi ya vile vinne inamlisha mjane, inamsomesha mtoto, inanunua bati likitoboka. Na wale wapangaji wanne, huyu Mzaramo, yule Mmanyema, huyu Mnyamwezi, yule Mndengereko, wanapika uani pamoja na wanazikana. Je, kuna shule ya umoja iliyo bora kuliko hiyo?

Wala si jambo la kushangaza kwamba siasa ya uhuru ilikua katika nyumba hizi. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 hapa Kariakoo, katika jumba la African Association, Mtaa wa New Street, ambao leo ni Lumumba. Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 alipokelewa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, hapa hapa Kariakoo. Bibi Titi Mohamed aliwaingiza akina mama katika chama kwa kupitia vikundi vyao vya ngoma. Mabaraza na nyua ndizo zilizokuwa ofisi za watu wasio na ofisi.

Sasa tuitazame Kariakoo ya leo. Nyumba ya vyumba sita inavunjwa na ghorofa linasimama. Mimi sisemi ghorofa ni baya. Ardhi ni chache na watu ni wengi, kwa hiyo hatuna budi kwenda juu. Lakini tuulize, ghorofa la nani? Chini maduka, juu yake maduka, juu zaidi stoo ya mizigo. Mwenye kiwanja huambiwa atapewa sehemu yake, na mara nyingi ni mzee aliyetia sahihi karatasi asiyoielewa. Mpangaji wa chumba hapewi kitu ila notisi. Na baraza linakuwa ngazi ya duka, limetiwa kufuli saa moja ya jioni.

Tena upo msiba. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka likaua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jingine likaanguka hapa Kariakoo, wakafa zaidi ya 20, na Rais akaagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Jengo linalojengwa kwa pupa ya faida huwadai wanyonge damu.

Mtasema, basi tufanyeje? Mifano tunayo, tena karibu. Soko letu la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli. Paa lake ni miavuli ya zege inayofanana, kipande kile kile kikirudiwa, na miavuli hiyo hukinga maji ya mvua. Basi kazi kubwa ya vipande imekwisha kufanyika mlangoni petu. Halafu tazameni Magomeni Kota. Nyumba za zamani zilivunjwa, watu wakangoja miaka kama kumi, lakini majengo mapya yalipozinduliwa Machi 2022 nafasi zilikuwa ni za kaya zile zile 644. Kungoja kulikuwa kurefu mno. Hata hivyo jambo moja limethibitika: mji unaweza kwenda juu na wenyewe wakarudi.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, natoa mambo manne tuyadai na tuyafanye.

La kwanza: nyumba isivunjwe kabla ya mpangaji na mwenye kiwanja kupewa mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, nao usomwe mbele ya mjumbe. Mpangaji aliyekaa awe wa kwanza kuulizwa kama atarudi.

La pili: wenye viwanja vinne vinavyopakana waungane kwa ushirika badala ya kuuza mmoja mmoja. Sheria ya mwaka 2008 inamruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo. Viwanja vinne vinatoa uani mmoja mpana katikati, penye hewa na mahali pa watoto. Kila ghorofa nalo lipate baraza lake.

La tatu: vyumba viwe vya kipimo kimoja, ili mlango, dirisha na ngazi vitengenezwe na mafundi wa Gerezani, na familia ianze na chumba kimoja iongeze cha pili baadaye. Nguzo na misingi ni kazi ya mhandisi, hapo pasiwe na mchezo. Lakini kwa kuta tunaweza kutumia tofali lile la udongo na saruji kidogo ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukilifundisha. Hushindiliwa kwa mashine ya mkono, halichomwi kwa kuni, na lina meno ya kushikana na mwenzake, hivyo halimalizi saruji.

La nne: kila tawi liandike majina ya wanaoishi katika kila nyumba ya eneo lake, wenye nyumba na wapangaji. Asiyeandikwa ni rahisi kufukuzwa.

Mkoloni alituwekea mpaka Mnazi Mmoja, nasi tukauvunja. Tukinyamaza, fedha itatuwekea mpaka mwingine kule Chanika, nao hauna hata mnazi wa kuuonyesha. Kazi ya kuandika majina ianze Jumapili hii. Leteni daftari na kalamu.