Moshi ni kuni ambazo hazijaungua

(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanamemba)



Leo hatuongei pesa za sanduku. Tunaongea moto, juu ya jambo lililotupata wakati wa mvua. Mama mmoja wa chama aliingiza mbabula ndani usiku, akafunga mlango juu ya baridi, akalala na watoto. Asubuhi jirani alipiga hodi, hakuna wa kuitika. Tukavunja mlango. Walipona wote, Mungu asifiwe, lakini ilibaki kidogo tu.

Watu walishangaa: "Mbona makala hayakuwa na moshi?" (Makala, ao mkaa kama tulivyozoea kusema kambini Tanzania.)

Moto unataka vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa, na joto. Ondoa kimoja, unazimika. Njo maana sufuria ya mafuta ikiwaka tunaifunika. Maji hapana, yatarusha mafuta yenye moto kila upande.

Sasa, ule ulimi wa moto munaouona, si mti wenyewe unaowaka pale. Mti ukipata joto unatoa gesi, na gesi ile ikikutana na hewa njo inawaka. Kuni mbichi zinatusumbua kwa sababu joto linaanza kukausha maji yaliyo ndani. Gesi nyingi zinatoka bila kuwaka, zinakuwa moshi. Yaani kuni tulizobeba kichwani toka mbali zinapotelea hewani, na kupitia macho ya wamama.

Makala yalishatoa gesi zile kwenye tanuru, kule porini, kwa hiyo hayana moshi. Lakini yakiungua kwenye hewa haba yanatoa gesi ingine, monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inaingia ndani ya damu na kukaa pahali pa oksijeni, tena inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi unakuja. Mtu anafikiri ni malaria.

Tumekubaliana: mbabula yenye makala ya moto hailali ndani, hata kama dirisha liko wazi kidogo.

Na yule mama hakuwa mjinga. Alikuwa na blanketi moja kwa watoto wanne. Wafadhili wetu, tukiomba mablanketi mbele ya mvua ingine, njo sababu. Orodha ya nyumba iko kwa sekretere.