Baada ya Moto, Ni Miti Gani Inayorudi?

Moto wa msituni ukishazimwa, watu huhesabu eneo lililoungua. Ndivyo ilivyokuwa Mlima Kilimanjaro baada ya moto uliozuka tarehe 11 Oktoba 2020 huko Whona, mahali wanapopumzikia wapandaji katika njia ya kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Takriban kilomita za mraba 95 ziliteketea. Mvua zikija baada ya moto wa namna hiyo, majivu hufunikwa na chipukizi, macho huridhika, na faili hufungwa. Makala hii inashikilia kwamba faili hilo hufungwa mapema mno. Rangi ya kijani haielezi ni miti gani imerudi, na msitu ni jamii ya miti yenye wakubwa na wadogo, wenye kupenda jua na wenye kuhitaji kivuli. Jamii hiyo inaweza kupotea huku mlima ukibaki kijani.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba msitu wa mvua hauungui kama mbuga. Katika Amazonia, moto wa kawaida hutambaa taratibu juu ya majani makavu, na ndimi zake mara nyingi hazifiki magotini. Mtu mzima anaweza kuuruka. Hata hivyo miti ya huko haikukua na moto. Magome yake ni membamba, na moto ukikaa dakika chache kwenye shina, joto hupenya hadi kwenye tabaka hai lililo chini ya gome. Mti hubaki umesimama na majani yake, lakini tayari umeshapata jeraha la kuuua. Watafiti Jos Barlow na Carlos Peres, waliofuatilia misitu iliyoungua katika bonde la Arapiuns nchini Brazil wakati wa ukame wa El Niño wa 1997 na 1998, walikuta miti mikubwa ikiendelea kufa hadi mwaka wa tatu. Ripoti iliyoandikwa mwaka mmoja baada ya moto ingeacha nje sehemu kubwa ya vifo hivyo.

Utafiti mwingine wa Amazonia, uliochapishwa mwaka 2018, ulilinganisha misitu iliyoungua katika miaka tofauti. Hata pale ambapo miaka 31 ilikuwa imepita, uzito wa miti hai ulikuwa pungufu kwa takriban robo ukilinganishwa na msitu ambao haukuungua.

Miti mikubwa ikianguka, paa la msitu hutoboka. Jua hufika chini, upepo huingia, majani yaliyoanguka hukauka upesi, na nyasi hupata nafasi ambayo hazikuwa nayo. Kwa maneno mengine, moto wa kwanza huandaa njia ya moto wa pili. Jambo hili lilipimwa kwa makusudi katika shamba la Tanguro, jimbo la Mato Grosso nchini Brazil, kuanzia mwaka 2004. Vipande vitatu vya hekta 50 kila kimoja vilitengwa: kimoja hakikuchomwa, kingine kilichomwa takriban kila mwaka, na cha tatu kila baada ya miaka mitatu. Mwaka 2007, ukame ulipokuwa mkali, vifo vya miti vilipanda ghafla, na pembezoni mwa vipande vilivyochomwa nyasi zikaingia. Kipande cha miaka mitatu ndicho kilichopata moto mkali zaidi, kwa sababu majani na matawi yalikuwa yamepata muda wa kurundikana. Kwa mtaalamu wa misitu, somo la Tanguro ni la kutisha: mwaka mmoja mkavu ulitosha kugeuza moto unaovumilika kuwa moto unaobadilisha msitu.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, la nani anarudi. Kisiwa cha Borneo kinatoa jibu lililo wazi. Huko Kalimantan Mashariki, Indonesia, moto wa mwaka 1997 na 1998 ulipita katika takriban hekta milioni 5.2, na karibu nusu yake ilikuwa misitu. Kabla ya hapo eneo lilikuwa limekwisha kuungua vibaya mwaka 1982 na 1983. Misitu ya Borneo hutawaliwa na jamii ya miti mirefu ya dipterokapi, na tabia za miti hii ndizo zinazoiponza. Haizai kila mwaka. Husubiri miaka kadhaa, kisha huzaa kwa pamoja. Mbegu zake hazilali ardhini zikingoja nafasi; huota mara moja au hufa. Na ingawa zina mabawa, nyingi huanguka karibu na mti mama. Hivyo tegemeo la msitu ni miche midogo inayovumilia kivuli kwa miaka, ikingoja mkubwa aanguke. Moto wa chini huua kwanza miche hiyo hiyo.

Wanaochukua nafasi ni miti tangulizi, hasa makaranga: mti wa majani mapana, mbao laini na mbegu nyingi. Ndani ya miaka michache huziba kila uwazi. Mtu akipita kwa ndege ataona msitu. Akishuka na kuanza kuandika majina, atakuta spishi chache zikijirudia mahali palipokuwa na mamia. J. W. F. Slik na wenzake, walipopima misitu ya Kalimantan Mashariki miaka 15 baada ya moto wa 1983, waliikuta bado imeshikwa na miti tangulizi.

Tanzania nayo imeonja jambo linalofanana na hilo, ingawa chanzo hakikuwa moto. Katika Usambara Mashariki, mti wa msizi, ulioletwa na kupandwa Amani, ulisambaa ndani ya msitu wa asili pale magogo yalipovunwa, na hondohondo ndio waliobeba mbegu. Uwazi msituni hujazwa na yule ambaye mbegu zake ziko karibu na zina wa kuzibeba.

Kilimanjaro inahitaji kutazamwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu huko mabadiliko yamerekodiwa kwa miongo. Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, amekuwa akichunguza mimea ya mlima huo tangu miaka ya 1990. Upande wa kusini, msitu wa mikulo hupanda na kuchanganyika na podo, na juu zaidi huja misitu ya erika. Moto ukipita kwenye podo, erika huchukua nafasi: mbegu zake ni ndogo kama vumbi, hupeperushwa na upepo, na hupenda ardhi iliyo wazi. Podo hutegemea ndege na nyani kwa usambazaji na hukua polepole. Erika wakiachwa kwa muda mrefu, chini yao podo wanaweza kurudi. Wakiungua tena kabla ya hapo, msitu wa erika hushuka kuwa vichaka. Vichaka vikiungua mara kwa mara, hubaki nyasi za vishungi na mimea mifupi ya helikrizamu.

Kila hatua ya mteremko huu ni ya kijani, na ndiyo maana mteremko wenyewe haushtui watu.

Kwa hesabu za Hemp, misitu ya erika iliyokuwa na kilomita za mraba 187 mwaka 1976 ilibaki na takriban 32 mwaka 2000. Mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita, na vipande vya erika vilivyosalia karibu na mita 4,000 vinaonyesha ulikokuwa. Hasara hii inafika hadi mabomba ya Wachagga waishio mlimani. Miti ya erika, ikiwa imevikwa ndevu za miti, hunasa ukungu na kuudondosha ardhini kama maji. Vichaka na nyasi hunasa kidogo sana. Hemp alikadiria kwamba msitu uliopotea umepunguza maji ya ukungu kwa takriban mita za ujazo milioni 20 kila mwaka. Watu hulaumu barafu inayoyeyuka kileleni pindi mifereji inapopungua, na wanasahau ukanda wa msitu ulio chini yake, ambao ndio mlezi mkubwa wa vijito.

Hapa kuna kosa la kitaalamu linalostahili kusemwa bila kuzunguka. Maofisa wengi wa misitu Afrika Mashariki wamelelewa na elimu ya misitu mikavu ya miombo. Miombo huvumilia moto: mizizi yake hubaki hai na visiki huchipua. Majaribio ya Ndola, Zambia, yaliyoanza mwaka 1933, yalionyesha kwamba vipande vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi viligeuka nyasi zenye miti michache, ilhali vilivyochomwa mapema, majani yakiwa bado na unyevu, vilibaki misitu. Kutokana na matokeo kama hayo, uchomaji wa mapema ukawa zana halali katika miombo. Kuipeleka zana hiyo kwenye podo na mikulo ni kuua, kwa kuwa miti hiyo haivumilii moto kama miombo.

Inafuata kwamba upimaji baada ya moto katika misitu ya unyevu lazima ubadilike. Vipande vya kudumu vya sampuli vipimwe mwaka wa kwanza, wa tatu, wa tano na wa kumi, na katika kila kipande ihesabiwe miche kwa jina la spishi, pamoja na miti mikubwa iliyokufa tangu ziara iliyopita. Picha za setilaiti zibaki kwa kazi ya kuona mpaka wa moto. Miche ya kupanda isikimbiliwe kabla ya kujua kilichopo ardhini, maana upandaji wa haraka mara nyingi hukanyaga uotaji wa asili. Na fedha nyingi zaidi ziende kuzuia moto wa pili ndani ya miaka kumi ya kwanza, ikiwa ni pamoja na kuwasaidia warina asali kupata mizinga isiyohitaji kufukizwa kwa mienge ndani ya msitu.

Sungai Wain, hifadhi iliyo karibu na mji wa Balikpapan huko Kalimantan Mashariki, inaonyesha kwamba kuzuia moto kunawezekana. Mwaka 1998 moto uliingia pande zake, lakini watu walifyeka na kufagia kwa mikono njia za kuuzuia, na kiini cha msitu kikasalimika. Kiini hicho sasa ndicho chanzo cha mbegu kwa sehemu zilizoungua pembeni yake. Kilimanjaro nayo ina vipande vyake vya podo na erika wakubwa vilivyonusurika, hasa kwenye makorongo yenye unyevu. Vichorwe kwenye ramani, na ramani hiyo iwe mikononi mwa kila kikosi cha kuzima moto kabla ya kiangazi kijacho, ili moto ukizuka wajue ni wapi pa kusimama kwanza.