Funza Aliyezoea Pamba ya Bt

Leo tuongee juu ya funza.

Pamba ya Bt tunaijua. Serikali yetu iliiruhusu Desemba 2019. Mbegu yake imetiwa jeni ya bakteria wa udongoni, na funza akila kitumba, tumbo linaharibika, anakufa. Kupiga dawa kunapungua. Hiyo ni kweli, hatukatai.

Lakini sikieni ya India. Huko walianza 2002, wakafurahi sana. Kufikia 2010 ikatangazwa kwamba kule Gujarat funza mwekundu anaila pamba ile bila kudhurika. Mbegu yenye sumu mbili ilikuwa imeshatoka 2006, naye akaizoea hiyo pia. Mwaka 2017 wakulima wa Maharashtra walipasua vitumba wakakuta funza ndani.

Ilikuwaje? Mnakumbuka klorokwini, mpaka 1998 Kenya ikaacha kuitegemea kwa malaria? Ni mambo yale yale. Kati ya funza wengi, wachache mno huzaliwa wakistahimili sumu. Wenzao wakifa, hao hubaki kuzaana wenyewe kwa wenyewe.

Ndiyo maana tunaambiwa tupande mistari ya pamba ya kawaida kando ya ile ya Bt. Nondo wa huko hawajazoea sumu. Wakizaana na yule sugu, watoto wengi bado wanakufa. India mbegu iliuzwa pamoja na kijipakiti cha mbegu za kawaida, lakini wengi hawakuzipanda. Mimi siwalaumu. Nani anapenda kulimia funza, hasa mwenye ekari moja? Arizona, Marekani, walipanda, na funza hakuizoea. Baadaye wakaachilia nondo tasa kwa mamilioni, na 2018 ikatangazwa kwamba funza mwekundu amekwisha katika mashamba yao ya pamba.

Yule funza mwingine tunayemjua sisi hula pia nyanya na mbaazi, kwa hiyo huko wanabaki wasioizoea sumu. Funza mwekundu karibu hana chakula ila pamba. Huyo ndiye wa kuogopa. Mkimaliza kuvuna ng'oeni mabua, myachome. Usiyaache eti utaokota kilo mbili zaidi, maana nondo wako ataruka mpaka kwa jirani. Na siku ya kununua mbegu ya Bt, muulizeni muuzaji: ile ya kawaida ya kupanda kando iko wapi?