Dakika za Ramani ya Simu
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wahitimu na wanafunzi siku ya mkutano wetu)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya mipango wilayani. Mipango ni jambo pana, na harufu ya pilau tunaisikia sote. Kwa hiyo nitasema juu ya kitu kimoja tu, ambacho wengi wetu tumekitazama asubuhi hii tukija hapa: muda wa safari unaoonyeshwa na ramani ya simu.

Muda ule haubuniwi ovyo. Simu zilizomo ndani ya magari hupeleka habari za mahali zilipo na mwendo wake. Kompyuta huzikusanya, huzilinganisha na safari za siku zilizopita, kisha hukadiria. Ndiyo maana mwaka 2020 msanii mmoja wa Berlin, Simon Weckert, aliburura kigari chenye simu 99 katika mtaa mtupu, na Google Maps ikaonyesha foleni. Ramani haikuona magari, iliona simu.

Basi palipo na simu nyingi, kama pale Ubungo, makisio yake ni ya kutegemewa, na wanaoyabeza wanayaonea. Taabu huanza simu zinapoadimika. Katika njia ya vumbi ipitayo magari mawili matatu kwa siku, kompyuta hukisia kwa aina ya barabara tu, na hakuna wa kuiambia kwamba jana mvua imenyesha.

Katika kikao kimoja cha bajeti mwenzetu alinyanyua simu yake: kutoka kituo fulani cha afya hadi hospitali ya wilaya ni kilomita 40, muda wa saa moja. Akashauri gari la wagonjwa libaki makao makuu, kwani huko si mbali. Nilipinga, nikaomba kitabu cha safari cha dereva wetu, mzee aliyeipita njia ile masika na kiangazi.

Vijana, chukueni kalamu. Kilomita 30 za njia ile zapitika hata masika kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Kilomita 10 zilizobaki ni mbuga ya udongo mweusi, gari hutambaa kilomita 5 kwa saa. Mwenye haraka atachukua wastani wa 40 na 5, apate 22.5, aseme ni saa 1 na dakika 47. Sivyo! Sehemu ya kwanza ni dakika 45, ya pili saa 2; jumla saa 2 na dakika 45. Na gari likikaa makao makuu lazima kwanza liende, ndipo lirudi: saa 5 na nusu. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua aweza kufa ndani ya saa 2.

Tulibishana mpaka jioni. Gari likapelekwa kule.

Mwalimu wa Jiografia nimemwachia madaftari mawili matupu. Mkienda likizo, andikeni saa ya kuondoka, saa ya kufika, kilomita, na hali ya njia. Daftari moja ni la kiangazi, la pili ni la masika. Mwakani nitakuja kuyasoma.